Mrejesho: kioo cha kompyuta mpakato, barazani mchana na chumbani usiku

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza kioo gani kinamfaa mtu anayeandika barazani Mji Mkongwe mchana, kisha usiku anahariri picha chumbani. Nimechagua kioo cha IPS (aina ambayo rangi hazigeuki sana ukikitazama kwa pembeni) kisichong'aa, chenye niti 400; niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo.

Kinachong'aa kina weusi uliokolea na rangi tamu, lakini barazani ukuta mweupe wa mkabala unajitokeza juu ya maandishi. Kisichong'aa huutawanya mwanga huo. Niti 250 zinatosha ndani tu. Kivulini nje anzia 400. Jua la wazi ni jambo jengine, hata 500 zinazidiwa, kwa hiyo hamia kivulini.

Tazameni sana karatasi ya sifa. Humo NTSC na sRGB ni vipimo vya wingi wa rangi ambazo kioo kinaweza kuonyesha. Ikiandikwa NTSC asilimia 45, rangi zitapauka, nyekundu hasa. Kwa picha tafuteni sRGB inayokaribia asilimia 100. TN, aina nyengine ya kioo, iacheni: ukiinamisha kioo kidogo tu, rangi zinageuka.

Aliyenishauri OLED, kioo ambacho kila nukta hutoa mwanga wake wenyewe, hakukosea kwa upande wa picha. Tatizo ni kwamba nyingi hupunguza mwangaza kwa kuwaka na kuzima haraka haraka, na macho ya baadhi ya watu huchoka. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa mweupe, shusha mwangaza mpaka robo, kisha urikodi kwa kamera ya simu katika mwendo wa polepole. Ukiona mistari myeusi inatembea, ndiyo hiyo kuwaka na kuzima.

Dirisha liwe ubavuni, si mgongoni wala usoni. Ahsanteni sana.