Nguzo za ngazi zifanane: mkono, kifaa cha kukopi au CNC?

MsasaKizota: Wakuu, habarini za jioni. Nimepata kazi ya zile nguzo ndogo za kubeba reli ya ngazi, nyumba ya ghorofa hapa Dodoma. Mwenye nyumba anataka zifanane kama shilingi kwa ya pili. Mashine ya kukereza ninayo. Nikereze kwa mkono, ninunue kifaa cha kukopi, au nipeleke Dar kwa wenye CNC, zile mashine zinazoongozwa na kompyuta? Kesho kutwa natakiwa kumpa jibu.

Bobari: Mkuu, ngapi? Urefu? Mbao gani, na imekauka?

MsasaKizota: Samahani. 72, sentimita 90 kila moja, unene inchi mbili. Mninga.

Bobari: Hizo ni za mkono. Tafuta kipande cha ubao chembamba, weka alama ya kila pete na kila bonde, kwenye kila alama pigilia msumari mdogo uliochongwa ncha. Mti ukiwa unazunguka, gusisha tu, alama zote zinajichora mara moja. Kisha zamisha patasi nyembamba kwenye kila alama mpaka kalipa, kile kifaa cha miguu miwili cha kupimia unene, ipite. Kila kipimo na kalipa yake! Mimi ninazo nne, kila moja nimeifunga uzi wa rangi yake, siigusi mpaka kazi iishe. Nguzo zikiachana sentimita 10, jicho halioni milimita moja ya unene. Linachokamata ni pete ya hii kuwa juu kuliko pete ya jirani yake.

DadaSamani: Fundi, shikamoo, lakini ukifika ya hamsini mkono umeshachoka. Mimi natumia kifaa cha kukopi. Kidole chake kinafuata umbo ulilokata kwenye plaiwudi, kisu kinakata vilevile. Ubaya wake kinakwangua, nyuzi za mti zinasimama, msasa unakula siku nzima. Na kona kali za ndani hakifiki.

Mchoro: Kukopi ni kwa zamani sana. Thomas Blanchard wa Marekani alipewa hataza 1820 kwa mashine ya kukereza vitako vya bunduki kwa kufuata kimoja cha mfano. CNC ni nzuri, ila nguzo moja ikipasuka wakati wa kufunga, utairudia Dar kwa ajili ya hiyo moja?

Mpwapwa77: Mnabishania mashine, mimi nililizwa na mbao. Mwaka juzi nilikereza nguzo 40 za paina iliyoshuka kutoka Mufindi, bado mbichi, mwezi wa pili mvua ikinyesha. Zilitoka safi, kalipa ilipita zote, nikafunga, nikalipwa. Mwezi wa saba, na ule upepo mkavu wetu, mteja akapiga simu: nguzo zinazunguka kwenye matundu yake, mtoto anazichezea kwa mkono. Nikazing'oa moja moja nikazipima. Upande mmoja milimita 48, upande wa pili 47 haifiki. Mti husinyaa zaidi kwa kufuata zile pete za umri kuliko kuelekea kiini, karibu mara mbili, basi duara likawa yai. Nilirudisha nusu ya fedha. Tangu siku hiyo nakereza kwanza nene, naziacha stoo wiki kadhaa, ndipo namalizia.

MzeeMninga: Hiyo ni paina, kijana. Mninga umetulia, hausinyai hivyo.

Mpwapwa77: Kama ni mninga wenyewe, mzee. Siku hizi unauziwa mti mwingine uliopakwa rangi.

MzeeMninga: Dai hati ya TFS, wale wakala wa misitu, randa kipande hapohapo, unuse. Mninga nikiwa nimefumba macho naujua.

MsasaKizota: Wakuu, kuna jambo sikulisema. Mashine nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea, kutoka ncha hadi ncha ni sentimita 80.

Bobari: Hilo ndilo lilikuwa la kwanza kusema! Nguzo ya 90 haiingii. Refusha kitanda chake, au kereza vipande viwili uunganishe chini ya pete, ufa ujifiche hapo.

DadaSamani: Kuunganisha kwenye ngazi ya watoto? Mimi siafiki. Akirefusha, aweke na tegemeo la beringi katikati, la sivyo mti utatetema na mikato itaonekana kama ngazi ndogondogo.

MsasaKizota: Nimeongea na mwenye nyumba, anataka kuona moja kwanza. Kesho naikereza kwa jirani mwenye kitanda kirefu.

Mpwapwa77: Mninga huo umeununua mwezi gani?