Ulishawahi kulefti grupu la ukoo? Nini kilifuata? Tupeane uzoefu

Baba Careen (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni. Naomba tuliongee hili bila kejeli maana naona linatusumbua wengi afu hakuna anayelisema, haya magrupu ya WhatsApp ya ukoo. Mimi nililefti la kwetu mwezi wa pili na mpaka leo nalipa gharama zake, kwa hiyo naanza mimi nyie mtafuatia.

Grupu letu lina watu 214. Kwetu Mbinga ila tumetapakaa, Songea, Dar, Mbeya, Dodoma, wengine hata sura siwajui najua tu picha zao za profaili. Zamani lilikuwa zuri, bibi akiumwa tunajua siku hiyo hiyo, mtoto akifaulu tunapongezana mpaka simu inapata moto. Ikaja harusi ya binamu. Kamati ikakaa ikaamua kila kichwa laki 3, na mimi ndo nilikuwa nimetoka kulipa ada na kodi ya miezi 6, nikaahidi elfu 50. Mnaijua ile listi, jina, nukta nyingiii, halafu kiasi, aliyemaliza anawekewa tiki ya kijani. Sasa hata hiyo elfu 50 nikawa sijaituma, namba 17 Baba Careen...........0. Kila mmoja akilipa listi inapandishwa upya, kuna siku imepanda mara 20, maana yake mara 20 kwa siku wake za kaka zangu, wajomba na vijana niliowasomesha mwenyewe wanasoma kwamba Baba Careen ni sifuri.

Siku moja saa 3 usiku mama mdogo akatupia voisi ya dakika 4. Hakutaja mtu, si mnawajua, "kuna watu kuchangia wanaona tabu ila kujipiga picha bichi hawaoni tabu". Jumapili yake nilikuwa nimeweka stetasi nipo Kigamboni na watoto. Jamani pantoni ni sh 200 na tulikula mahindi ya kuchoma! Nikalefti palepale, na nilijua siku hizi ukitoka haitangazwi, anaarifiwa admini tu.

Mwezi wa saba nipo kwenye daladala natoka Mwenge napekua stetasi za watu, binamu yangu mmoja kaweka mshumaa na maneno "pumzika shangazi yetu". Nikajua ni wa upande wa mama yake. Nikampigia tu kumpa pole. Kumbe ni shangazi mkubwa, dada yake baba, aliyenilea darasa la 3 mpaka la 7, na alikuwa ameshazikwa jana yake. Kalala hospitali siku 9 na hakuna aliyenipigia. Nilishuka kituo ambacho sio changu.

Nimefika kijijini kesho yake usiku, mwenyekiti wa ukoo ananiambia "tulituma kwenye grupu mwanangu, tukajua umeona". Namba yangu ni ileile toka 2011, wote wanayo. Kila mmoja alidhani grupu limeshaniambia. Afu bibi, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kanishika mkono akawauliza wenzie huyu mgeni katokea wapi.

Haya, leteni na ninyi.

mzee_wa_mbavu

Mkuu kwanza pole ya msiba. Pili ungelipa tu hiyo elfu 50.

Baba Careen

@mzee_wa_mbavu nililipa mkuu, nililipa mwezi wa tatu nikiwa nimeshatoka, nikamtumia mweka hazina kwenye simu. Sasa kama tiki yangu iliwekwa ningejulia wapi na mimi simo?

Dada Hazina

Mtoa mada pole sana. Mimi naongea kama upande wa pili kwa sababu ndo mweka hazina wa ukoo wetu mwaka wa nne sasa na mnatuona wabaya sana. Nani kawaambia tunafurahia ile listi? Ngoja niwaambie inavyokuwa. Mtu A analipa, anakopi listi anajiandikia kiasi chake anapaste. Dakika hiyohiyo mtu B naye alishakopi ile ya mwanzo, anajiandikia anapaste, A amefutika. Anakuja C anakopi ya B. Saa 5 usiku A anaangalia anajikuta sifuri, anakuja kwangu inbox na moto, "dada hela yangu umeipeleka wapi". Mimi nimelala! Nikiamka asubuhi kuna listi 3 tofauti na jumla 3 tofauti na watu wawili wameshatukanana. Nimewahi kukaa na meseji za muamala na kalamu nikihesabu mstari kwa mstari watu 96 huku maharage yanaungua jikoni.

Kuna kaka yangu kabisa tumbo moja hatukuongea miezi 8 kwa sababu jina lake lilirukwa, sio kiasi, JINA, mtu alipunguza mistari akalifuta kwa bahati mbaya. Yeye akasema tumemtoa kwenye ukoo. Miezi 8 wakuu, na anakaa Tabata mimi nakaa Segerea.

Kilongawima

Kulefti ni utoto. Mimi nina magrupu 31, yote nimeyamyuti "daima" na nimeyatupa kwenye akaivu. Naishi vizuri presha haipandi.

Mama wawili

@Kilongawima ukamyuti grupu la ukoo afu ukafikiri umepona? Ngoja nikusimulie. Mimi ile blutiki nilishaizima toka zamani, nikajua nasoma za watu kwa siri. Kumbe kwenye grupu kuzima hakufanyi kazi, wakikubonyezea ile meseji wakaenda kwenye info wanaona majina yote waliosoma na saa walizosoma. Wifi yangu mkubwa ndo kazi yake hiyo. Alitupia habari kwamba baba mkwe anahitaji damu, mimi nilifungua grupu saa 12 asubuhi kuangalia kitu kingine kabisa, nikapitia haraka haraka nikaenda kazini, nilijua nimeona picha ya hospitali ila sikusoma. Jioni ananipigia, "umesoma saa 12 na dakika 7, baba angekufa ungesema hukujua?" Nikakosa cha kujibu. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni anasikia kila neno.

Toka siku hiyo nasoma kila kitu, hata zile "fowadi kwa watu 10 upate baraka". Nimekuwa kama mlinzi wa zamu.

nakuru_finest

Sisi huku Kenya mambo ni yale yale tu. Mtu akiaga dunia saa mbili usiku, saa tatu kuna grupu, na namba ya kutuma pesa inakuja kabla hata hujaambiwa ni nani ameaga. Mwezi mmoja niliongezwa kwa magrupu sita ya mazishi na mawili ya harusi, mbili kati ya hizo za mazishi mpaka leo sijui marehemu alikuwa nani wetu. Nikaenda kwa setingi nikafunga, ile ya nani anaweza kukuongeza kwa grupu, ilikuja 2019 hivi. Sasa wakijaribu inawaambia watume linki. Wacha wee! Anti yangu alisafiri kutoka Molo na matatu kuja kuniuliza amenikosea nini hadi nimemfungia mlango. Nilimpikia chai, tukaongea masaa matatu, kuhusu kila kitu. Ile ndio siku tuliongea vizuri zaidi miaka mitano imepita, na akienda nikamfungulia ile setingi.

Mwl wa Zamu

Kuna Mwingereza mmoja anaitwa Robin Dunbar alisema kichwa cha binadamu kinamudu mahusiano na watu kama 150 hivi, alilitoa hilo miaka ya 90 mwanzoni kwa kulinganisha ubongo wa nyani na ukubwa wa makundi yao. Wengine wanalipinga. Mimi nadhani tu hajawahi kualikwa kamati ya harusi ya Wachaga.

mzee_wa_mbavu

@Mwl wa Zamu 😂😂😂 150 hao ni wa upande wa bi harusi tu

Bint Makunduchi

Jamani msilitukane grupu. Miye nilikaa Muscat miaka mitano nikifanya kazi za nyumbani, na zama hizo simu za WhatsApp kule zilikuwa hazipiti, ukipiga haiti. Voisi ndo zikipita. Basi bi mkubwa wangu akijua saa yangu ya kupumzika, wao wako nyuma yetu saa moja, alasiri ananitumia. Hasemi cha maana wallahi. Ananiwekea simu jikoni nisikie anavyokaanga samaki, jogoo wa jirani analia, watoto wanagombana, kisha "haya mwanangu, umesikia, sote wazima". Nikizisikiliza chooni kwani nyumba ile simu mchana hairuhusiwi. Bila ya hizo nisingemaliza hata mwaka mmoja.

Sasa kichekesho nimesharudi. Nakaa chumba cha pili, mlango kwa mlango. Mama bado ananitumia voisi. Namuuliza mama si uniite? Anasema nimezoea, humu ndo nakuwa na maneno, ukikaa mbele yangu yananikimbia. Na kweli, tukikaa barazani tunaangaliana tu. Miaka mitano imetufunza kuongea hivyo na sijui tutajifunza lini kurudi.

Kilongawima

@Bint Makunduchi hii imenigusa aisee

Shemeji Mtukufu

Kwangu tatizo sio grupu ni stetasi. Mama mkwe anaangalia stetasi yangu ndani ya dakika moja, hata nikiweka saa 8 usiku. Nikamficha. Baada ya wiki 2 kamuuliza mke wangu "mwenzio siku hizi mbona kimya, mna shida?" Mke wangu kachukua simu yangu kaona nimemficha mama yake, hapo ndo shida ikaanza rasmi. Nimemrudisha. Sa hivi naweka aya za Biblia na picha za mke wangu tu, ukiniona mtandaoni unaweza kudhani nagombea uaskofu.

fundi_redio

Mnakumbuka Mei 2024 zile kebo za baharini zilipokatika, EASSy na Seacom, intaneti ikawa mbovu nchi nzima siku kadhaa? Mimi wiki ile nilipigiwa simu za kawaida na watu 5 wa ukoo wetu, watu ambao tulikuwa tunatumiana vidole gumba tu. Baba mdogo aliongea mpaka dakika zake zikaisha akanibipu nimalizie. Kebo zilipotengenezwa tukarudi kwenye vidole gumba. Sisemi kitu.

Dada Hazina

@Baba Careen lakini nikuulize bila kukuudhi. Wewe miezi yote hiyo mitano ulimpigia nani? Maana hata shangazi mwenyewe alikuwa na simu.

Baba Careen

@Dada Hazina swali lako nimelisoma jana nikashindwa kulijibu. Hapana, sikumpigia. Nilikuwa namuona tu kwenye stetasi za watoto wake, Pasaka alionekana amevaa kitenge cha kijani anacheka, nikajua mzima. Nilituma hela ya krismasi, nikaandika "shangazi hiyo ya soda". Akajibu kwa voisi, na mtanisamehe, sikuisikiliza mpaka mwisho siku ile, nilikuwa kazini. Nimeisikiliza nilipotoka msibani. Ni dakika 2 na sekunde 11. Ananiuliza kama yule Careen bado anakojoa kitandani, anasema dawa anayo nimtume mtu.

Careen yuko kidato cha 2.

Mama wawili

😭 jamani

Bint Makunduchi

Mungu amrehemu. Usiifute hiyo.

Baba Careen

MREJESHO. Mwenyekiti kanirudisha grupuni juzi, nilimuomba mwenyewe. Meseji ya kwanza kuikuta ni listi, mchango wa kujengea kaburi la shangazi, kila mtu elfu 40, mimi wameniweka namba 23. Sikungoja, nikatuma laki moja palepale, nikakopi, nikajiandikia, tiki, nikapaste. Roho ikatulia. Dakika 4 tu, binamu wa Dodoma, yule yule wa harusi, kalipa yake kapaste listi ya zamani. Namba 23 Baba Careen...........0.

Nikacheka peke yangu, nikakumbuka Dada Hazina na maharage yake. Nikasema safari hii silefti wala siandiki kitu, nampigia kwa dakika za kawaida. Ikaita, akapokea, nikamwambia mambo vipi binamu, ile listi umenifuta bwana.

Akanyamaza kidogo, akasema "samahani, naongea na nani?"