Baba ana miaka 72, anatakiwa adungwe chanjo ya homa ya manjano aende India, naogopa

Binti_wa_Bombo: Jamani habari zenu. Mwezi ujao tunampeleka mzee India operesheni ya moyo, na ukitoka Uganda bila kadi ya manjano, ile ya kuonyesha umechanjwa, kule wanaweza kukufungia karantini mpaka siku 6. Leo kwenye kliniki moja mjini musawo (mhudumu wa afya) kasoma umri, akarudisha sindano kwenye friji, ati niongee kwanza na daktari wa moyo. Ndo nikakumbuka kampeni ya chanjo hiyo Uganda 2024 mwisho ilikuwa miaka 60. Kwani baada ya 60 kuna nini? Kaka anasema tununue tu kadi. Silali.

Nesi_Mstaafu: Binti yangu huyo musawo mshukuru. Chanjo ile ni kirusi hai kilichodhoofishwa, kijana anakishinda, ila mzee mara mojamoja kinamzidi kinaingia ini, figo, hata ubongo. Ni nadra, hata kwa wazee ni watu wachache kwenye kila laki moja, na karibu wote ni wa sindano ya kwanza. Baba hajawahi kudungwa? Anameza prednisolone, dawa inayoshusha kinga ya mwili, kwa dozi kubwa? Thaimasi, ile tezi ya kifuani, iliwahi kuugua au kutolewa? Kama ipo moja kati ya hizo mbili za mwisho, asidungwe.

Dereva_Malaba: Sista kadi ya kununua achana nayo kabisa, wakiigundua eapoti anayelala kwenye benchi ni mgonjwa, si kaka yako. Daktari anaweza kumwandikia barua ya kutodungwa, ila waulize ubalozi kwanza maana nchi inaweza kuikataa. Na mkidunga, kadi inaanza kazi baada ya siku 10.

Binti_wa_Bombo: Banange! Mama kafungua sanduku la bati, kumbe mzee alidungwa 2009 enzi anaendesha lori kwenda Juba. Kadi mende wametafuna pembeni lakini muhuri na namba ya chanjo vinasomeka. Shida imeandikwa miaka 10.

Nesi_Mstaafu: Alhamdulillah! Tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha, hata hizo za zamani. Hadungwi tena. Angalia tu jina lifanane na la pasipoti.

Binti_wa_Bombo: Eeh mama. Kadi inasema Juma, pasi inasema Jumah. Kesho asubuhi niko kwa waliomdunga.

Dereva_Malaba: Beba na kitambulisho chake, usije ukarudishwa.