Tupeane uzoefu: mtoto ana usonji, maneno anayo lakini hayaji tunavyoyategemea (Kigoma, Tabora na jirani)

Mama Ujiji

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Habari za usonji tunazosikia nyingi zinatoka Dar es Salaam, kwa watu wenye kliniki karibu. Sisi wa huku mtaalamu wa tiba ya usemi tunamsikia tu. Kwa hiyo naomba tuzungumzie jambo moja peke yake, kuongea. Mtoto wako alianzaje kutamka, anaongeaje sasa, nini kilimsaidia, nini kilikupotezea muda.

Naanza mimi. Mwanangu ni wa kiume, ana miaka 7. Alipokuwa na mwaka mmoja na miezi michache alikuwa na maneno manne: mama, maji, taa, na "nyau" la paka. Kabla hajatimiza miaka miwili yakapotea moja moja. Akawa akitaka kitu ananishika kiganja na kukisukuma kwenye kile kitu, mkono wangu ukawa kama mwiko wake. Kidole hanyooshi. Ukimwita jina hageuki, lakini mfuko wa biskuti ukichakarisha chumba cha pili anakuja mbio.

Watu wakasema ni udata, ulimi umeshikwa chini. Tukampeleka akakatwa. Alilia siku mbili na neno halikuja. Wengine wakasema akatwe kimeo, hapo nikakataa. Kwenye hospitali moja nikaambiwa watoto wa kiume huchelewa, nisubiri. Nikasubiri mwaka mzima, na mwaka ule unaniuma mpaka leo.

Sasa sikilizeni. Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Alfajiri moja, msikiti wa mtaani kwetu haujaadhini bado, mtoto akakaa kitako kwenye mkeka akaadhini yeye, mwanzo hadi mwisho, na mahadhi yake yote. Nyumba nzima tuliamka. Mama mkwe akatoa machozi, akasema mtoto amefunguka. Saa mbili asubuhi mtoto huyohuyo alikuwa analia kiu mbele ya mtungi, na neno "maji" hana.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa mwanangu ulimi haukuwa na kosa. Sauti anazo, kumbukumbu anayo kuliko mimi. Kinachomshinda ni kulichukua neno na kulipeleka kwa mtu ili limletee kitu.

Ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba hata ile adhana haji nayo ovyo. Huianza tukiwa sokoni, au wageni wakijaa nyumbani. Akianza, najua kelele zimemzidi, tunatoka. Zamani nilikuwa namwambia anyamaze.

Linalonisumbua sasa ni salamu. Ukimkutanisha na mzee, yeye ndiye anasema "Marahaba". Kuna mzee mmoja alimfokea mbele za watu kwamba sijamfundisha adabu. Nililia njia nzima. Aliyepitia hili anisaidie.

Baba wa Kibirizi

Pole sana dada yangu. Hilo la kuambiwa mtoto hana adabu linachoma kuliko ugonjwa.

Wangu ni binti, miaka 5, hana neno hata moja mpaka leo. Mimi nafanya biashara ya dagaa, mama yake yuko nyumbani. Mwaka jana kuna mwalimu alituelekeza kutumia picha. Nikapiga kwa simu vitu vyake mwenyewe: kikombe chake cha bluu, mgebuka wa kukaanga, kanga ya mama yake anayopenda kujifunika, mlango wa nje. Nikazitoa steshenari pale Mwanga, wakazifunika plastiki ngumu zisiharibike na maji.

Kazi inataka watu wawili. Mama anakaa mbele ana kipande cha samaki. Mimi nakaa nyuma ya mtoto. Akinyoosha mkono kutaka samaki, namshika mkono taratibu, tunachukua picha, tunaiweka kwenye kiganja cha mama. Mama papo hapo anampa samaki na kusema "samaki". Hakuna kumuuliza "unataka nini", hakuna kumwambia "sema". Tulikosea siku za mwanzo kwa sababu mke wangu alikuwa anauliza, na mtoto akawa anangoja aulizwe.

Siku ya tisa nilikuwa nimetoka nyuma yake kwenda kufungua mlango. Akaichukua picha peke yake akamfuata mama yake jikoni. Miaka mitano jamani, ndiyo mara ya kwanza anamfuata mtu kumwambia jambo.

Ndugu zangu wa nyumbani wananiambia picha zitamfanya awe mvivu wa kuongea. Naomba wenye ujuzi mliseme hili, kwa sababu linagombanisha nyumba yangu.

Bibi wa Kasulu (naandikiwa na mjukuu wangu mkubwa)

Wanangu, mimi nalea mtoto wa binti yangu. Alipofika miaka minne haongei, kuna mhudumu alituambia tumechanganya lugha, Kiha na Kiswahili, ndiyo maana mtoto amekwama. Tukaambiwa tuache Kiha kabisa.

Kiswahili changu mimi ni cha sokoni. Kubembeleza mtoto kwa Kiswahili siwezi, kuimba siwezi, hadithi sina. Basi nikawa namnyamazia. Miezi mitano nyumba ilikuwa kimya, mimi na mtoto, namlisha na kumwogesha bila neno. Akazidi kujifungia.

Nikasema liwalo na liwe, nikarudi kumwimbia nyimbo zetu nikipepeta maharage. Neno lake la kwanza lilitoka kwenye wimbo. Nikikata mstari nikanyamaza, yeye anaumalizia. Sasa ana miaka 8, kwangu anaongea Kiha maneno mafupi mafupi, shuleni anajibu Kiswahili kidogo. Msikubali kunyang'anywa lugha ya kumpendea mtoto.

Mwalimu, Tabora mjini

Shikamoo bibi. Ulivyofanya ndivyo. Lugha mbili hazisababishi usonji wala haziongezi ugumu wa kuongea. Tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wa nyumba za lugha mbili na wa lugha moja hazikuona wa lugha mbili wakibaki nyuma kwa sababu hiyo.

Mimi nafundisha kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Mama Ujiji, "Marahaba" ya mwanao si utovu wa adabu. Fikiri amejifunzaje neno hilo. Kila siku anapelekwa mbele ya mkubwa, na anachosikia kutoka kwa mkubwa ni "Marahaba". Ameichukua salamu kama kitu kimoja na akairudisha kama ilivyomfikia. Ni hilohilo linalomfanya mtoto aseme "Unataka maji?" akimaanisha nataka maji. Kiswahili chetu kinamficha "mimi" na "wewe" kwenye silabi moja mbele ya kitenzi, ni- na u-. Mtoto anayemeza sentensi nzima bila kuikata hawezi kujua kwamba ile silabi inabadilika kulingana na anayesema. Si sisi tu. Daktari Leo Kanner, alipoandika kule Marekani mwaka 1943 juu ya watoto 11, alieleza hilo la kugeuza "mimi" na "wewe", na la kurudia maneno kama mwangwi. Kati ya wale 11, wanane walikuwa wanasema na watatu hawakusema.

Kwa hiyo usimuulize "Unataka maji?" Akiwa anakifuata kikombe, sema wewe kwa niaba yake, "Nataka maji", kisha mpe. Kwenye salamu usisimame mbele yake ukamwambia "Sema shikamoo", atakujibu "Sema shikamoo". Chuchumaa ubavuni pake, mtazame mzee pamoja naye, na wewe ndiwe useme "Shikamoo babu" kana kwamba ni sauti yake. Mweleze na mzee mapema.

Baba wa Kibirizi, waambie nduguzo hivi: picha hazizuii kuongea. Njia hiyo ya kubadilishana picha ilianzishwa na Andy Bondy na Lori Frost kule Delaware, Marekani, mwaka 1985, na imechunguzwa sana tangu hapo. Haikuonekana kuwanyamazisha watoto. Wapo waliopata maneno juu yake, wapo ambao picha ndiyo ilibaki sauti yao. Wote wawili wameweza kuomba maji.

Kitu kingine ambacho wazazi hunibishia: "Mwalimu, huyu anaelewa kila kitu." Hebu jaribu. Ukisema "vaa viatu" huwa umeshika viatu, umesimama mlangoni, na ni saa ya kutoka. Mtoto anasoma mlango, hasomi maneno. Siku moja kaa chini, mikono mapajani, usitazame viatu, useme hivyohivyo. Nimeona wazazi wakishtuka. Kuelewa nako kunafundishwa, kwa sentensi fupi, na kwa kumpa muda. Mimi nikishauliza nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Wengi tunauliza mara tatu ndani ya muda huo, na kila swali linafuta lililotangulia.

Nina mwanafunzi anayeishi karibu na stesheni. Yeye maneno yake mengi ni ya treni. Akichoka kazi anasema "Abiria wa Mpanda". Mwanzoni nilimpuuza. Nilipomuuliza mama yake, akaniambia shangazi aliyempenda sana aliondoka na treni ya Mpanda, walimsindikiza. Kwake neno hilo ni kuondoka. Sasa akilisema namjibu, "Nataka kutoka", nampeleka nje dakika tano. Siku hizi anasema "Abiria wa Mpanda, nataka kutoka", yote kwa pamoja, na mimi nayapokea yote.

Kijana wa Urambo

Mimi nina usonji, nina miaka 22. Nilianza kuongea nikiwa na miaka mitano. Naandika vizuri kuliko ninavyozungumza, kwa hiyo naomba niseme kwa wale wanaofikiri maneno yakishakuja kazi imekwisha.

Nikipita kwa majirani wakila husema "Karibu chakula". Nilikuwa naingia, nanawa, nakula. Nilifanya hivyo nyumba nyingi kabla ya mama kunieleza kwamba wakati mwingine unajibu "Ahsante, nimeshiba" hata kama una njaa. Mpaka leo siwezi kutofautisha karibu ya kweli na karibu ya heshima, kwa hiyo nimejiwekea utaratibu: mara ya kwanza nakataa, wakirudia mara ya tatu naingia.

"Habari za asubuhi" nayo ilinitesa. Niliulizwa habari, nikazitoa zote. Mwalimu akasema nampotezea muda. Hakuniambia kwamba lile halikuwa swali.

Sauti yangu iko sawa tu, haipandi wala haishuki, watu hudhani nimekasirika. Mkiona kijana wa hivyo muulizeni kama amekasirika. Atawaambia ukweli.

Mama Nzega

Samahanini, nimesoma huku natetemeka. Wangu ana miaka miwili na miezi miwili, hana neno, haonyeshi kidole. Nianzie wapi?

Nesi mstaafu, Kigoma

Mwanangu, anza na masikio. Hata kama unaona anasikia redio, apimwe. Kuna kipimo kinachofanywa mtoto akiwa amelala, hakihitaji ajibu. Wapo watoto tuliodhani ni usonji kumbe hawasikii, na wapo wenye vyote viwili. Huku kwetu huenda ukapewa rufaa ya mbali, jipange na nauli mapema.

Mengine ya kuangalia: mwaka mmoja hajabwabwaja wala kuonyesha kidole au kupunga mkono, miezi 16 hana neno, miaka miwili haungi maneno mawili kwa kujisemea mwenyewe. Na mtoto aliyekuwa na maneno yakapotea, umri wowote, usingoje hata wiki. Hizo si hukumu kwamba ana usonji, ni sababu ya kwenda kuonana na daktari wa watoto. Waambie waandike kwenye kadi kwamba umelalamika kuhusu kuongea, na tarehe.

Wala usijitafutie kosa. Si chanjo, si ulichokula ukiwa mjamzito, si kijicho cha jirani. Na ulimi usimkatie mtoto kwa ushauri wa barazani. Udata upo, unaweza kusumbua kunyonya au baadhi ya matamshi, lakini hauwezi kumfanya mtoto asigeuke akiitwa.

Wakati unasubiri rufaa, usikae bure. Shuka chini kwenye mkeka, fanya anachofanya yeye. Akigonga sufuria, gonga. Akitoa sauti, mrudishie. Nusu saa kwa siku.

Mama Ujiji

Nimerudi baada ya siku nne. Mwalimu, Mungu akuzidishie. Nilikwenda kwa yule mzee peke yangu kwanza, nikamweleza. Hakusema kitu kwa muda, kisha akasema nimlete Ijumaa.

Tulikwenda. Nikachuchumaa ubavuni kwa mwanangu, nikasema "Shikamoo babu". Kimya. Nilihesabu, nilifika kumi na mbili. Mtoto akasema "Shikamoo babu", kwa sauti yangu kabisa, hadi kikohozi changu kidogo alikiweka. Mzee akaitika "Marahaba". Mwanangu naye "Marahaba". Mzee akaitika tena, na mtoto tena, wakaenda hivyo mara nne au tano, mzee ameshika fimbo yake anacheka kimyakimya.

Sasa nina swali lingine. Kukataa. Asipotaka kitu anapiga kichwa ukutani, ana kovu tayari. "Nataka" tumeanza, "sitaki" nimfundisheje?

Baba wa Kibirizi

Dada, sisi tulitengeneza picha ya kiganja kilichofunguliwa, nyekundu. Tulianza na kitu asichokipenda lakini hakimtishi, kwa binti yangu ilikuwa bamia. Unakisogeza, kabla hajakasirika unamsaidia kukupa kiganja, unasema "Sitaki", na unakiondoa saa hiyohiyo. Lazima ukiondoe, hata kama ulitaka ale. Ukikataa kukiondoa, kadi imekufa.

Nitumie ujumbe nikupe picha yetu ukaitoe. Kwa huko Ujiji peleka wakaifunike pande zote mbili, ya kwetu ya kwanza ililowa mawese ikaharibika.