CA za shuleni: zinamfundisha mwanafunzi au zinapikwa tu?

Chaki Vumbi
Wadau, salaam. Kwenye matokeo ya kidato cha nne, alama 30 kati ya 100 zinatoka kwenye CA, yaani upimaji endelevu: upimaji wa kidato cha pili, mitihani ya muhula, moko, kazi mradi. Mpango huu ulianza 1976, baada ya Azimio la Musoma, ili mtoto asihukumiwe kwa pepa moja la saa tatu. Safi. Lakini nani humu aliwahi kurudishiwa pepa la moko akaonyeshwa alipoteleza? Alama inakwenda NECTA (Baraza la Mitihani), pepa linakwenda stoo. Mimi nasema testi za darasani zisiwekwe alama kabisa. Mwalimu aandike kosa, mtoto afanye masahihisho, basi.

MzaziTegeta
Bila alama nitajuaje ada yangu inafanya kazi? Halafu walimu wenyewe wanasahihisha lini? Binti yangu yuko kidato cha pili, pepa lake la Baiolojia limesahihishwa na mwenzake wa dawati moja. Mwandiko wa mtoto kabisa! Mwalimu yuko ofisini na simu.

Mwl wa Zamu
Mzazi, hapo kwenye simu umenichokoza. Nina mikondo mitatu, kila mmoja watoto 90. Testi moja ni pepa 270. Nikitumia dakika tano kwa kila pepa ni saa 22 na nusu, na bado sijagusa andalio la somo wala zamu. Saa hizo unanilipa wewe?

Kidedea wa Historia
Dakika tano kwa Baiolojia? Nyie wa sayansi mnaangalia jibu la mwisho, mnapiga vyema, mnakwenda kunywa chai. Njoo usome insha 270 ndiyo ulie.

Hesabu ni Dini
Kidedea acha uzushi. Juzi nusu ya darasa wameniandikia (x + 3)² = x² + 9. Ningeangalia jibu la mwisho ningepiga kosa nikafunga daftari. Sikuweka alama hata moja. Niliiandika ubaoni, nikasema haya, x iwe 1. Kushoto 16, kulia 10. Kimya. Mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, sita imekwenda wapi?" Kipindi chote cha dakika 40 kikaishia kuitafuta hiyo sita.

Kidedea wa Historia
Hongera. Sasa weka x iwe 1 kwenye Vita vya Majimaji. Wote wanaandika kodi na kulimishwa pamba kwa nguvu, neno kwa neno, maana notisi ni zile zile za steshenari. Nisahihishe nini hapo, mwandiko?

Kisumu Kwetu
Jirani zetu, hata hamjaona kitu. Huku kwetu mtihani wa gredi ya tisa wa 2025 ulibeba asilimia 60 tu. Asilimia 20 ilitoka kwa ule wa gredi ya sita, na 20 kwa kazi za shuleni. Hizo za shuleni ni wazazi tunazifanya usiku. Mimi binafsi nilipata "amekidhi matarajio".

Mzee wa Divisheni
😂😂 Hongera mama. Ila mnahangaika bure. Mtihani wetu wa kidato cha nne wa 2012 asilimia 60 walipata ziro. CA ilimwokoa nani?

Hesabu ni Dini
Matokeo yale yalifutwa 2013 yakapangwa upya, Mzee. Mbona unayakumbuka kwa uchungu hivyo? Ulikuwemo?

Mzee wa Divisheni
Wewe mtoto, mimi nimemaliza enzi za Mwinyi. Divisheni two, tena bila twisheni! Heshimu watu.

Kidedea wa Historia
Two ya pointi ngapi? 🤣

Chaki Vumbi
Jamani, turudi kwenye mada. Hesabu ni Dini kasema jambo zito: kosa lilijadiliwa kabla alama haijaingia. Mtoto akishaona 34, hasomi tena kilichoandikwa pembeni. Anachungulia tu ya jirani.

Mwl wa Zamu
Sikatai. Ila mwalimu wa taaluma Ijumaa hataki masahihisho, anataka namba kwenye fomu. Asipozikuta, mwenye barua ya kujieleza ni mimi, si wewe. Ndiyo maana wengine wanapika. Na MzaziTegeta, swali moja: huyo mtoto wa dawati alimkosea binti yako wapi? Maana mimi huwagawia mwongozo wa majibu, tunasahihisha pamoja swali kwa swali.

MzaziTegeta
Nimepitia na mjomba wake, ni daktari. Hakukosea popote. Hoja yangu si hiyo, hoja ni mwandiko.

Mwl wa Zamu
Sawa. Na masahihisho binti ameshafanya?

MzaziTegeta
Atafanyaje? Pepa nimelifungia kabatini, ni ushahidi. Kikao cha wazazi nakuja nalo.