Tupeane uzoefu: mliohama saluni mkaenda gari za juu, na sisi tuliobaki

Premio_Seeta

Wakuu, salaam. Leo naomba tuongee sisi wenye saluni, yaani gari za chini zenye buti nyuma, hapa Uganda, pamoja na wale waliozikimbia.

Nina Premio, lile umbo la 240, injini ya 1.5, na huu ni mwaka wa saba niko nayo. Haijawahi kunilaza njiani. Jumapili iliyopita nilitoka kanisani nikasimama kidogo kuangalia uwanja wa kuegesha. Nilipoinunua, mstari wote wa mbele ulikuwa Premio, Corona, Carina na Kikumi (Corolla za zamani) za wazee. Safari hii nikaona Forester, RAV4, Harrier, Prado mbili, na saluni tatu tu, yangu ikiwa mojawapo. Iliniuma, nasema kweli.

Lakini kilichonifanya niandike ni safari ya Aprili kwenda kwa wazee, upande wa Busia. Ukiacha lami, mpaka nyumbani ni kilomita sita za udongo mwekundu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, na malori ya miwa yalikuwa yamechimba mifereji miwili, katikati pakabaki mgongo wa udongo. Nikaweka tairi za upande mmoja juu ya mgongo na za upande mwingine ukingoni, mwendo wa mtu anayetembea. Jiwe lilikuwa limejificha kwenye majani. Tulisikia "ko!" moja tu, ya chuma. Binti yangu wa miaka sita akageuka nyuma akasema, "Baba, gari inaandika." Kuangalia, mstari mweusi wa oili unatufuata kwenye matope. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imepasuka.

Tulimalizia kwa miguu, mama watoto amembeba mdogo mgongoni. Mzee usiku ule hakusema kitu. Asubuhi, tukiwa kwenye chai, akaniuliza, "Hiyo gari ya chini utaendelea nayo mpaka lini?"

Sasa nawauliza. Mliohama, mmepata nini na mmepoteza nini? Mliobaki, mnabaki kwa nini? Leteni yaliyowakuta wenyewe, ya kusikia tuyaache.

Bondi_Nakawa

Pole sana kaka. Mimi nauza magari kwenye bondi, yadi ya magari yaliyoagizwa nje, Nakawa, mwaka wa kumi na moja huu, na nitakwambia ninachokiona kutoka upande wangu wa meza.

Zamani mteja akiingia anaanza na bei. Siku hizi anaanza na "nataka gari ya juu." Hajataja kampuni, hajataja injini. Juu kwanza. Na ukimpigia hesabu inamsaidia kuhama, maana ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 haviulizi umbo la gari, vinaangalia thamani. Akiona Forester na Premio za mwaka mmoja zimekaribiana bei, anachukua Forester, anaondoka.

Lakini kuna jambo watu hawalitazami. Sisi hatuchagui peke yetu. Tunakula kilichopikwa Japani miaka kumi iliyopita. Toyota walifunga Mark X mwishoni mwa 2019, Premio na Allion zikafuata Machi 2021. Nissan Sylphy iliondoka sokoni kwao 2020. Hata Crown, saluni ya wakubwa tangu 1955, ile mpya ya 2022 ilianza kuja ikiwa imeinuliwa. Marekani nako Ford walitangaza Aprili 2018 kwamba wanaacha saluni zao, wanabaki na Mustang. Sasa changanya na sheria yetu ya 2018, gari ikizidi miaka 15 haiingii nchini. Maana yake hata Premio ya mwisho kabisa kutoka kiwandani, mlango wake utafungwa karibu na 2036, na kabla ya hapo zitakuwa zinakuja chache, chache, na bei inapanda. Juzi nimeletewa Allion moja safi kutoka Mombasa kupitia Malaba. Haikulala bondini siku tatu. Aliyeichukua ni mwalimu mstaafu wa Mbale, alikuwa ameitafuta miezi minne.

Kwa hiyo unayo mali hapo, usiiuze kwa hasira ya jiwe.

Fundi_Katwe

Naomba nafasi, maana haya magari yanamalizikia kwangu.

Premio yako tumbo lake liko kama sentimita 16 kutoka ardhini. Forester kuanzia umbo la 2008 inakaribia 22. Tofauti ni upana wa vidole vitatu. Weka vidole vitatu mezani uviangalie: ndicho kitu watu wa Kampala wanachouzia gari. Siwalaumu. Aprili 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo alipoita watu mtandaoni walete picha za mashimo ya Kampala, karakana yangu ilikuwa na picha hizo kwa namna nyingine: rimu zilizopinda, shokapu zinazovuja, bushi zimeliwa zimekuwa kama tambi.

Ila gari ya juu nayo huingia kwenye shimo, tena kwa mwendo mkali zaidi, kwa sababu dereva anaamini haitaumia. Shokapu za Forester nabadilisha nyingi kuliko za Premio, na bei hailingani. Zile injini za zamani za EJ za Subaru, zile zilizolala, ukimwagia maji ya bomba badala ya kulenti (maji maalumu ya kupoza injini), hedi gasketi inakuja kukudai. Mteja anakuja, "Fundi, joto linapanda msitu wa Mabira tu, nikifika mjini linashuka." Nikifungua kifuniko cha rejeta baridi asubuhi naona maji ya kutu na mapovu. Najua tayari. Harrier za 2.4 nazo nyingi zinakula oili, usisubiri taa iwake, pima kwa kijiti kila wiki mbili.

Tena nawaomba sana wanaoinua saluni kwa vipande vya raba na chuma juu ya springi. Ukipandisha kupita kiasi, draivshafti, ule mhimili unaozungusha tairi, inafanya kazi ikiwa imepinda. Lile koti lake jeusi la mpira linachanika, grisi inaruka, mchanga unaingia. Utasikia "kr-kr-kr" ukikata kona. Wiki iliyopita nilitoa moja, ndani grisi imegeuka kijivu kama saruji. Mwenye gari alikuwa ameinua miezi mitano tu.

Kaka Premio, dawa ya ugonjwa wako ni bamba la chuma chini ya sampo. Linakatwa hapa Katwe, linafungwa kwa bolti nne, na unaacha nafasi ya kumwagia oili. Hakikisha limeshikwa kwenye fremu ndogo ya injini, lisishikwe kwenye sampo yenyewe.

Mama_Arua

Mimi nilihama, na sijuti.

Nilikuwa na Allion. Mama yangu ana magoti mabovu. Kila nikimpeleka kliniki ilikuwa hivi: anageuka, anashika mlango kwa juu, anajiachia ndani ya kiti kama anayetumbukia kisimani. Kutoka ilikuwa shida zaidi. Nilikuwa namvuta mikono yote miwili, na siku moja tuliporudi nikaona kiganja chake kimechubuka kwa kung'ang'ania ukingo wa mlango. Hakuwa ameniambia.

Kabla ya kununua nilimchukua mpaka kwa muuzaji, akajaribu gari tatu. Prado ilimshinda, ni ndefu, lazima upande. RAV4 ndiyo ilikuwa sawa: anarudi nyuma, anakaa, anageuza miguu. Kiti kiko kwenye usawa wa makalio yake. Mambo ya nguvu na tairi nne sikuyafikiria kabisa. Wenye wazee nyumbani, nendeni nao mkapime.

Mafuta yanaliwa zaidi, hilo kweli. Kutoka Kampala mpaka Arua naongeza hela ambayo zamani ilikuwa inanifikisha na kubaki.

Dereva_Ntinda

Mimi natafutia watoto chakula kwa gari. Nilianza speso haya (teksi ya kukodi), nikaingia programu za simu baada ya Uber kuja Kampala 2016. Saluni ndiyo iliyonijengea chumba na sebule.

Mafuta kwanza. Mwaka 2022 petroli ilipopita shilingi 6,000 kwa lita, wenzangu wa gari za juu waliegesha. Mimi na Premio ya 1.5 nilibana, nikazima injini kwenye foleni ya Jinja Road, nikaendelea kula.

Halafu buti. Jamani, watu wamesahau buti! Buti ya saluni ina ukuta wake. Nampeleka mgeni Entebbe, masanduku mawili yamefungiwa nyuma, kwenye foleni hakuna mwizi anayeyaona kupitia kioo. Na kuna mama mmoja mteja wangu wa kila Ijumaa, namchukua Ggaba na samaki. Wanawekwa kwenye buti juu ya kavera (mfuko wa plastiki) nene, tunafika Ntinda tunapiga soga, harufu imebaki nyuma kwake. Mwenzangu alimbeba siku moja kwa gari ya mlango wa nyuma, mizigo na abiria chumba kimoja. Siku mbili abiria wanamuuliza kulikoni.

Wanaotuondoa hasa ni pande mbili. Juu wametubana Forester, chini wametubana vigari vidogo, Vitz na Passo, vinavyokula mafuta kidogo kuliko sisi. Saluni iko katikati, hewa inaisha.

Mwana_Bombo

La kwangu fupi. Nilienda kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) ya binamu yangu na Corona ya marehemu baba, nimeiosha, nimeipiga nta, viti bado vina vitambaa alivyoshona mama. Kijana wa kupanga magari akaniambia niegeshe kule nyuma ya hema la wapishi, mbele ni kwa "magari ya msafara." Walioingia mbele walikuwa na gari za juu za kukodi. Baba alitulea wanane kwa gari ile. Niliegesha nilipoambiwa, ila chakula hakikupita kooni.

Prado_Jinja

Nimesoma yote, nikasema na mimi niandike, ingawa ni vigumu.

Nina Prado, ile yenye tairi la akiba kwenye mlango wa nyuma. Niliitaka tangu ujana. Barabarani naona mbali, mvua ikinyesha siogopi. Desemba tulikuwa nyumbani, ndugu wamejaa, nikawa narudisha gari nyuma uani taratibu. Nimeangalia vioo vyote vitatu. Sikuona kitu. Shemeji yangu ndiye aliyepiga bodi kwa kiganja na kupiga ukelele. Nikashuka. Mtoto wa kaka yangu, mwaka mmoja na nusu, alikuwa amekaa chini nyuma ya gari anachezea kifuniko cha chupa. Kutoka tairi mpaka miguu yake ilikuwa hatua moja yangu.

Baadaye niliweka ndoo pale alipokuwa, nikapanda kwenye kiti nikaangalia. Haionekani. Nikaisogeza nyuma hatua kwa hatua mpaka ilipotokea kwenye kioo, nikashuka nikahesabu: hatua saba. Kwenye Carina yangu ya zamani nilijaribu vilevile nyumbani kwa aliyeinunua. Ndoo ilitokea mapema zaidi.

Nimefunga kamera ya nyuma. Na hata nikiwa na haraka gani, nashuka nazunguka gari kabla ya kuwasha. Wenye gari za juu na watoto uani, fanyeni jaribio la ndoo leo hii. Msingoje.

Premio_Seeta

Prado_Jinja, asante kwa kuandika hilo. Mama watoto amelisoma mara mbili, na jioni tumefanya la ndoo hata kwa Premio. Mama Arua, mfikishie mama salamu zetu. Mwana_Bombo, picha ya hiyo Corona na vile vitambaa naiomba.

Nimekaa na daftari. Mwaka jana nilienda kwa wazee mara tisa. Kazini nilienda karibu kila siku, Seeta mpaka mjini na kurudi, foleni tupu. Siwezi kubeba mafuta ya gari ya juu mwaka mzima kwa ajili ya safari tisa. Premio inabaki. Fundi, Alhamisi asubuhi nipo Katwe kwa hilo bamba, nitakutumia ujumbe unielekeze.

Nimempigia mzee nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akauliza zile kilomita sita ni wapi hasa palipokuwa pabaya. Nikamwambia ni pale baada ya mwembe mkubwa, kabla ya daraja. Jana amenipigia yeye: ameongea na vijana wanne wa jirani, Jumamosi wanakuja na majembe kuuchonga ule mgongo wa katikati. Mimi naenda na jembe langu kwenye buti. Picha nitaziweka hapa Jumapili.