Aliyenicheka mbele ya mgeni kwa sababu ya "sorry", uzi huu ni wake

Wanajamvi, salaam. Naandika hasira zikiwa bado za moto, na tunaofanya kazi pamoja watamjua mhusika bila mimi kumtaja, kwa kuwa katika jengo zima hakuna ambaye Kiingereza chake hakijapekuliwa naye kama mzigo wa forodhani.

Leo asubuhi mgeni wetu kutoka Uingereza alijikwaa ngazini, nami nikamwambia "sorry", kama ambavyo angesema yeyote aliyelelewa na watu wanaopeana pole. Mhusika akacheka. Hakutabasamu, alicheka, kicheko cha kumfikia mlinzi wa getini, kisha akamweleza mgeni, nami nimesimama pale pale, kwamba sisi huku huomba radhi kwa makosa tusiyoyatenda na kwamba Mwingereza angeuliza "Are you all right?" Mgeni mwenyewe, huku akisugua goti, alikuwa ameshanishukuru!

Najua kwamba London neno hilo husemwa zaidi na aliyekosea, au huambiwa mfiwa. Lakini Nairobi, Accra na Lagos aliyejikwaa huambiwa "sorry" kama hapa Dar es Salaam, na hakuna anayedhani ameombwa radhi. Na hata kama lisingefaa, mtu anakuchekaje wakati unamjali aliyeumia? Alicheka, jamani. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Tena ni huyo huyo anayejaza "commence" na "purchase" katika barua pepe za kuagiza chai, maneno yaliyotokana na Kifaransa cha Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066, ilhali Waingereza wenyewe wakizungumza nyumbani husema "start" na "buy". Halafu ndiye aliyenicheka!

Kahawa Chungu: Pole sana, mkuu. Wa kwetu alimsahihisha mfiwa msibani.

Mkia wa Pweza: Mleta uzi, umeambiwa ukweli, umekimbilia huku kulia. Jifunze "Are you all right?" uendelee na maisha.

Mleta uzi: Sijakataa kujifunza. Ninachokataa ni kile kicheko mbele ya mgeni.

Shamba la Bibi: Afadhali wewe umechekwa tu. Bosi wangu humaliza kila ujumbe kwa "kindly revert" akitaka nimjibu, ilhali Waingereza wengi wakisikia "revert" huelewa kurudi katika hali ya zamani. Nilipomshauri kwa adabu aandike "reply", akaninunia wiki nzima.

Kahawa Chungu: Huyo ana nafuu. Jirani yangu kila jioni ni "borrow me your charger", na kwa kuwa katika Kiswahili mwenye kitu huazima na mwombaji naye huazima, "lend" hataki hata kulisikia.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye kicheko.

Mkia wa Pweza: Kahawa Chungu, chaja yenyewe huwa anairudisha?

Kahawa Chungu: Hajairudisha, na jana amechukua ya pili.